Jamaa kutoka Sfax

Shadlia hakuwa mwongo. Majirani zake wa Nabeul, mji wa pwani ya Tunisia, wangekuapia hivyo mpaka leo. Alikuwa mtu wa haya tu, na haya ikipita kiasi humfanya mtu aseme lolote alimradi asiuone uso wa mwenziwe ukibadilika. Mhasibu wake alimjua vizuri kwa tabia hiyo. Kila msimu wa kodi ulipofika alimwuliza mambo matatu, akajibiwa moja na nusu, na hiyo nusu ilikuwa ya kuvutwa kwa koleo. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini Shadlia alikuwa amezaa watoto wawili na kiwanda, kwa hiyo methali hiyo aliiona ni ya watu wengine.

Kiwanda chenyewe kilikuwa vyumba viwili na ua, nyuma ya mtaa wa wafinyanzi. Humo alikeneka maji ya maua ya mdanzi, ule mti wa machungwa machungu. Maua na maji huingia ndani ya chungu cha shaba, moto wa polepole hukaa chini, mvuke hupanda, hupoa, hutona chupani tone kwa tone, na mtaa mzima hunukia. Maua yote yalitoka shamba moja, la Mama Mannubia, mjane wa pale karibu na njia ya kwenda baharini. Shadlia alipofiwa na mumewe, akabaki na chungu kile na watoto wadogo, ni Mama Mannubia aliyemwita, akamtembeza katikati ya midanzi yake, akamwambia maua haya ni yako kila mwaka, utalipa bei ya soko nami sitakuuliza zaidi. Wakasoma Fatiha pale pale chini ya miti, mambo yakaishia hapo. Watoto wakakua, wakaoa na kuolewa, na hakuna siku wawili hao walipoandikiana hata mstari mmoja. Shadlia alimwita mama, naye aliitwa mwanangu, na yeyote aliyewaona wakiokota maua asubuhi kwenye shuka zilizotandazwa chini angedhani ni mtu na mzazi wake.

Mwaka huu ndipo mnunuzi alipotokea. Ilikuwa kampuni ya sabuni na manukato ya ng'ambo, ikitaka maji ya Shadlia kwa misimu mitatu mfululizo, kwa bei ambayo hakuwahi kuiota. Sharti lao lilikuwa moja. Aonyeshe kwa maandishi kwamba maua anayo, na kwamba hakuna mtu atakayeamka asubuhi akamnyima. Mhasibu aliposikia alitikisa kichwa, akasema hilo si lake, ni la wakili, akampeleka kwa Ulfa, mwanamke kijana mwenye ofisi juu ya duka la dawa.

Sasa, kwa watu wa mtaa ule, kumletea mtu karatasi baada ya Fatiha ni kumwambia usoni kwamba umemwota akikuibia. Kumletea wakili ni zaidi ya hapo. Wakili huingia nyumbani kwa watu siku ya talaka na siku ya kugombea urithi, na wenye nyumba hubaki wakifagia nyayo zake. Shadlia alilijua hilo toka utotoni. Bila karatasi hakuna mnunuzi, na bila Mama Mannubia hakuna maua, wala hakuna mtu wa kumwita mama. Alizitazama njia zote mbili, akaona kila moja ina mwiba.

Ulfa alimwuliza maswali yake kwa utaratibu. Shamba ni la nani, limeandikwa kwa jina gani, mwenyewe ana warithi au hana. Shadlia akajibu kweli tupu: la Mama Mannubia, kwa jina lake, na wana wawili wako Italia. Wakili akaandika, kisha akaiweka kalamu chini.

"Na yeye mwenyewe anajua kwamba unataka mkataba?"

"Anajua," Shadlia akasema.

"Anajua kwamba nitakuja nawe?"

"Anakungoja kwa hamu."

Lilitoka mdomoni kirahisi namna hiyo. Mtu analipa wakili amlinde, halafu anaanza kwa kumdanganya wakili huyo huyo. Ukimwuliza Shadlia angekuambia alikusudia kuugeuza uongo huo kuwa kweli kabla ya Jumapili, siku waliyopanga kwenda. Alikuwa na siku za kutosha. Angekwenda kwa Mama Mannubia, angemweleza taratibu, na mambo yangekaa sawa.

Akaenda. Alimkuta uani akimenya maharage mabichi, akakaa kumsaidia, na kila alipofungua kinywa maneno yakamkwama. Walizungumza habari za bei ya nyama na harusi ya jirani mpaka maharage yakaisha, akaaga. Safari ya pili akapiga moyo konde, akaanza kabla hata hajakaa.

"Mama, Jumapili nitakuja na mgeni."

"Mgeni gani?"

Mama Mannubia alimwinulia uso wake mkunjufu, wenye makunyanzi ya kucheka, na Shadlia, moyoni mwake, akauona uso huo ukisikia neno wakili. Akauona ukifungika.

"Jamaa tu," akasema. "Binti wa binamu yangu. Kutoka Sfax."

"Sfax! Basi nipike kweli kweli, wasije wakasema Nabeul tunakula udongo tunaoufinyanga." Na bibi akacheka, akaanza papo hapo kuhesabu viungo alivyokuwa navyo.

Shadlia alirudi nyumbani. Alijiambia si kitu, wakishakula na kuzoeana, Ulfa atalitoa jambo lenyewe kwa ustadi, maana mawakili ni watu wa maneno. Njia ya mwongo ni fupi, lakini anayeipita huwa haioni ufupi wake.

Jumapili Ulfa alimpitia kwa gari lake, amevaa nadhifu, mkoba wa ngozi kiti cha nyuma. Walipofika Shadlia akamsihi auache mkoba garini. Mama huyu ni mtu mzima, akasema, mkoba utamtisha, tule kwanza ndipo tuzungumze. Wakili akaona ni jambo la ajabu kidogo, ila naye alikuwa na bibi zake, akajua kwamba kwa wazee chakula hutangulia. Akauacha.

Mama Mannubia alikuwa mlangoni tayari, amevaa vazi lake la sikukuu. Alimvuta Ulfa, akambusu mashavu yote mawili, akarudia tena.

"Karibu, binti wa Sfax. Shadlia ameniambia nyinyi ni damu moja. Hata pua mmefanana."

Ulfa akageuka kumtazama Shadlia. Shadlia akautazama mlango, kama mtu anayetaka kununua mlango. Wakili alianza kusema, "Mama, mimi," lakini alikuwa ameshashikwa mkono, anaingizwa ndani, anaulizwa kama barabara ilikuwa nzuri na kama kwao bado wanakausha pweza juani. Mwenye nyumba akiwa katika furaha ya namna ile, kumkatiza ni kama kumpokonya mtoto chakula. Ulfa akangoja nafasi, na nafasi ikachelewa.

Walikaa kwenye meza ndogo karibu na jiko, mahali pa watu wa nyumbani. Kuskusi ilikuwa ya maharage mabichi na nyama ya kondoo, ikinukia mpaka tumbo linaitika. Shadlia alikula bila kuisikia ladha. Alikuwa akimkonyeza Ulfa aanze, na Ulfa hakuwa akimtazama hata kidogo. Kisha Mama Mannubia akamtuma Shadlia harisa, ile pilipili ya kusaga, iko kwenye kabati la jikoni, rafu ya juu.

Kabati lile lilikuwa nyuma ya ukuta tu. Shadlia alikuwa ameshalishika bakuli aliposikia sauti ya bibi ikishuka.

"Binti, nisikilize kabla mwenzio hajarudi. Wewe umesoma, naona. Nina jambo nataka umshauri jamaa yako, maana mimi naona haya."

"Mama," Ulfa akasema.

"Ngoja nimalize. Wanangu kila wakipiga simu ni habari moja, ng'oa miti tujenge ghorofa tupangishe. Nawaambia miti hiyo ina mwenyewe. Lakini mimi leo nipo, kesho sipo. Nikifa, Shadlia atawaonyesha nini? Atawasomea Fatiha? Mwambie tuandikiane. Mwaka wa pili huu nataka kumwambia, nikimtazama naogopa atadhani simwamini. Wewe ni damu yake, kwako hatakasirika."

Shadlia alisimama na bakuli mkononi. Kwa hiyo mkataba aliouogopa ulikuwa umekaa ndani ya nyumba hii muda wote, ukimngoja, na bibi wa watu alikuwa akiuficha kwa haya ile ile iliyomfanya yeye audanganye ulimwengu. Mlango wa kutokea uani ulikuwa wazi mbele yake. Alifikiri, kwa kweli alifikiri, kutoka na kwenda zake na bakuli la harisa mkononi, asirudi tena mtaa ule.

Kisha akamsikia wakili wake.

"Mama, samahani. Tafadhali usiniambie zaidi."

"Kwa nini, binti?"

"Kwa sababu mimi si jamaa yake. Mimi ni wakili wake. Amenileta kwa ajili ya mkataba huo huo, akaniambia unajua na unaningoja. Nilipaswa kusema pale mlangoni. Kosa la kunyamaza ni langu, na nakuomba radhi."

Bibi akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama ni Shadlia aliyemwambia ajifanye jamaa. Ulfa akajibu kwamba hakuambiwa, alilisikia kutoka kwa bibi mwenyewe pale mlangoni.

Hapo hapakuwa na budi ila kuingia. Shadlia akaingia, akaiweka harisa mezani, akakaa pale alipokuwa amekaa, mikono mapajani, kama mtoto aliyeitwa na mwalimu.

"Kuleni," Mama Mannubia akasema. "Kikipoa hakina utamu."

Akamchagulia Ulfa kipande kizuri cha nyama, akamwekea kwa mkono wake. Akamwuliza habari za ofisi yake, alisoma wapi, wazazi wako hai. Alimhudumia mpaka mwisho kwa heshima zote anazostahili mgeni, akamnawisha kwa maji ya maua, yale ya Shadlia mwenyewe, akamfungia vitumbua vya asali apeleke nyumbani. Kwa Shadlia alisema mara moja tu, apitishe mkate. Mlangoni alimwambia wakili kwamba nyumba ni yake wakati wowote. Kwa Shadlia alisema, "Fika salama."

Garini Shadlia ndiye aliyeanza, na alianza vibaya.

"Ungenyamaza tu. Amesema mwenyewe anataka tuandikiane."

Ulfa hakuwasha gari. Alishika usukani kwa mikono miwili.

"Mtu alikuwa ananifungulia moyo wake kwa sababu alidhani mimi ni ndugu yako. Ningenyamaza ningekuwa nimemwibia. Na hata ukiliacha hilo, siku wanawe watakapokuja kuuliza, mtu wa kwanza kuchunguzwa ni mimi, wakili aliyeingia nyumbani kwa mama yao kwa jina la uongo. Mkataba wako usingefika mlango wa mahakama."

"Niliona haya."

"Bi Shadlia, mimi nafanya kazi kwa yale unayoniambia. Ungeniambia unaona haya, hilo lingekuwa kazi yangu, ningekuonyesha namna ya kusema. Umenipa uongo nikaubeba mpaka mezani kwa watu." Akawasha gari. "Sitaandika kitu mpaka uende kwake mwenyewe. Peke yako."

Siku zilizofuata ziwe mbali nawe na nami. Shadlia hakwenda sokoni Ijumaa, akasingizia kichwa. Alikisugua chungu cha shaba mpaka kikang'aa kuliko siku kilipofuliwa, kisha akakisugua tena. Kila alipolala aliisikia ile sauti, mwambie tuandikiane, naona haya. Kilichomchoma zaidi ya yote hakikuwa kukamatwa. Ni kwamba alimdhania yule mama udogo wa moyo. Miaka yote ile ya kula naye, kulia naye, kuokota maua ubavuni mwake, na bado aliamini neno moja lingetosha kumgeuza adui. Hayo ndiyo aliyoyabeba kwenda nayo Jumapili ile, na uongo ulikuwa kanga tu ya kuyafunika.

Alijaribu kumtuma wifi yake akamwombee radhi. Wifi, mwanamke asiye na subira na wajinga, akamjibu kwamba uongo hakumtuma yeye kuupeleka, kwa nini radhi. Na maua yalikuwa yameanza kuchanua. Harufu yake ilivuka kuta na barabara, ikamkuta kitandani alfajiri. Maua ya mdanzi hayamngoji mtu amalize aibu yake.

Basi akaenda. Siku zote alipitia mlango wa uani, bila kubisha. Siku hiyo miguu ilimpeleka mlango wa mbele, akabisha, akasimama hatua mbili nyuma.

Mama Mannubia alifungua. Hakushangaa wala hakununa. Alimkaribisha kwa maneno yote ya kukaribisha, akamtangulia kuingia ndani, na badala ya kukata kushoto kuelekea jikoni akafungua mlango wa sebule kubwa. Chumba hicho Shadlia alikijua kwa kukifagia tu, kila mkesha wa Idi, wakisaidiana. Humo walikaa maofisa, washenga, na watu waliokuja kutoa mkono wa pole. Akaonyeshwa kiti cha mito ya hariri. Bibi akatoka, akarudi na kahawa juu ya sinia la fedha, katika vikombe vyenye mstari wa dhahabu, imetiwa matone ya maji ya maua.

"Karibu kahawa, Bi Shadlia," akasema.

Bi Shadlia. Mpaka siku hiyo alikuwa mwanangu.

"Mama, nilikudanganya," akasema. "Niliona haya kukuletea karatasi, nikakuletea uongo. Nilidhani utanichukia."

"Karatasi ningeitia sahihi siku ile ile. Ningepiga na kigelegele."

"Najua. Nilisikia."

Alipolisema ndipo alipojua hakupaswa kulisema. Mama Mannubia aliweka kikombe chake chini.

"Ulisikia yote?"

"Yote, Mama."

"Basi ulisimama jikoni kwangu, ukinisikiliza nikimsihi mgeni anisemee kwako, na hukujitokeza."

Shadlia alikuwa analia, na kulia kwenyewe kulimtia haya, katika chumba kile, juu ya mito ile. Akasema alitaka kukimbia. Akasema hakujua la kufanya. Mwisho akasema anaomba msamaha, na hilo tu ndilo lililokuwa na uzito.

"Nimekusamehe," bibi akasema, na alikuwa anasema kweli, mtu angeweza kuliona hilo machoni mwake. "Mungu anasamehe, mimi ni nani. Maua utayapata, misimu hiyo mitatu na mingine, nikiwepo na nisipokuwepo. Nami nimejitafutia wakili, ataonana na wako. Yule wako ni mtu mwaminifu, usimwache. Na wanangu nimeshawaambia, wamekubali."

Kila kitu alichokitaka alikuwa amekipata. Mnunuzi angepata maandishi yake, chungu kingewaka, na hata midanzi ingebaki imesimama. Shadlia akapangusa uso, akamshukuru, akamshukuru tena. Kifua kilimwachia kidogo. Akaona vikombe vimekuwa vitupu, na kwa mazoea ya miaka yote akainuka, akavipanga juu ya sinia, akalinyanyua ili alipeleke jikoni akavioshe.

"Acha, Bi Shadlia," Mama Mannubia akasema kwa upole. "Mgeni habebi vyombo."

Akalirudisha sinia mezani, akakaa. Mama Mannubia akamjazia kikombe cha pili, akamwuliza kwa adabu kama watoto wake hawajambo.